Akishinda, fidia ni yake. Akishindwa, bili ni yetu

Bwana Mhariri,

Mimi ni karani wa mawakili niliyestaafu. Kazi hiyo niliifanya miaka 33 hapa Mombasa, tangu 1984 nilipokuwa nikipiga taipu hati za kiapo na kukimbia nazo masijala, hadi 2017 nilipokabidhi funguo za kabati. Wakili sikuwa, na jaji sikuwa. Lakini bili za mawakili nimeziandaa kwa mkono wangu, ukurasa kwa ukurasa, na nazijua kama mvuvi anavyojua bamvua na maji mafu. Ndiyo maana nimeona niandike. Jambo hili likizungumzwa huzungumzwa na wanasiasa, na mwanasiasa akiilaani bili ya mwenzake, mara nyingi husikika kama anayeionea wivu.

Nasema juu ya kesi ambazo viongozi wetu wakubwa wa kuchaguliwa huzifungua wenyewe, kisha mawakili wao wakalipwa na hazina ya umma. Kesi wanazoshtakiwa kwa ajili ya kazi ni habari nyingine. Mtu akimshtaki gavana kwa sababu barabara imepita kwenye shamba lake, kaunti lazima ijitetee, na hilo sina neno nalo. Nasema zile ambazo kiongozi ameamka asubuhi, amekasirika, na kufika saa nne wakili keshapewa kazi.

Nina shemeji yangu mvuvi. Pwani ina kaunti sita, na sitasema yeye huvua samaki wake katika ipi, maana nia yangu si kumtaja mtu. Kikundi chao kilijengewa chumba cha barafu cha kuhifadhia samaki. Siku ya uzinduzi utepe ulikatwa, pilau ikaliwa, mlango ukafungwa kwa kufuli, na kufuli hiyo haikufunguliwa tena. Shemeji alisimama barazani, chifu akiwepo, akauliza pesa za mashine ya barafu zimeliwa na nani. Akalitaja jina la mheshimiwa, kiongozi wao wa kuchaguliwa. Hakumwita mwizi, aliuliza tu kama anajua. Kijana mmoja alikuwa akirekodi kwa simu, na kabla ya Isha sauti ya shemeji ilikuwa imeshazunguka WhatsApp yote ya pwani.

Baada ya siku tisa ikaja barua kutoka kampuni ya mawakili ya Nairobi: kiri kosa, omba radhi, lipa, na una siku saba. Shemeji aliniletea akiwa ameikunja mara nne ndani ya leso. Niliisoma mara mbili kwa ajili ya mazoea, maana barua za namna hiyo nimeziandika mamia. Wiki tatu baadaye hati ya madai ikafuata.

Siku ya kwanza nilikwenda naye kortini. Kesi ilikuwa ya kutajwa tu, jambo la dakika nne. Mheshimiwa hakuja, na hilo ni sawa, halazimiki. Lakini walikuja mawakili watatu: wawili wameshuka na ndege ya asubuhi, wa tatu kijana wa kubeba mafaili. Upande wetu alikuwepo wakili mmoja tu, bwana mdogo wa watu, aliyekubali kuchukua kazi kwa kulipwa kidogo kidogo. Nje ya chumba cha mahakama nilimwona karani wao, kijana niliyewahi kumfundisha kufunga faili. Nikamwuliza, "Mwanangu, bili hii inakwenda wapi?" Akacheka. "Mzee wangu, inakwenda afisini kwa mheshimiwa." Nikamwuliza afisi ni ya nani. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa bahari ni ya nani.

Kesi iliahirishwa mara sita. Mara ya nne shemeji aliuza mashine ya boti yake ili amalizie malipo ya wakili. Mpaka leo hukodi mashine ya mtu, na theluthi ya samaki wake huenda kwa mwenye mashine. Muhula wa mheshimiwa ulipokwisha, ikaja karatasi ya ukurasa mmoja kuiondoa kesi, pamoja na mapatano kwamba kila upande ubebe gharama zake. Shemeji alibeba zake. Upande wa pili ulibebewa.

Sasa nieleze bili inavyoumbwa, kwa faida ya wasomaji ambao, alhamdulillahi, hawajawahi kuiona. Iko amri ya serikali inayoweka ada za mawakili. Kwanza huja ada ya kupokea kazi, ambayo hupanda kufuatana na thamani ya madai. Kesi ikipingwa na kuandaliwa kusikizwa, huongezwa ada ya maandalizi, isiyopungua theluthi moja ya ile ya kwanza. Kisha kila kuhudhuria, kila barua, kila nakala, na kila kusoma hati za upande wa pili, ambazo tulizihesabu kwa folio, yaani kila maneno mia moja ni folio moja. Nimehesabu folio mpaka macho yakaingia ukungu. Hiyo ndiyo bili ambayo aliyeshindwa humlipa aliyeshinda. Bili ya wakili kwa mteja wake mwenyewe ni kubwa kuliko hiyo: ni ile ile, ikaongezwa nusu yake. Juu yake huja kodi ya VAT ya asilimia 16.

Hapo pana jambo ambalo watu wengi hawalijui. Husikia kwamba kiongozi ameshinda "pamoja na gharama" wakadhani pesa za umma zimerudi. Hazirudi zote. Aliyeshindwa hulipa bili ndogo, hazina imeshalipa bili kubwa. Na hapo tumefanya hesabu kwamba aliyeshindwa ana uwezo wa kulipa. Ukimshinda mvuvi utakamata nini, nyavu?

Kesi ya kuharibiwa jina ina hatari yake ya peke yake. Jina halina bei iliyoandikwa kwenye hati, kwa hiyo ada ya kwanza haina pa kushikia. Ni wakili na mteja waelewane. Mteja wa kawaida hubishana. Bibi mmoja wa Majengo aliwahi kunikalisha saa nzima akitaka kujua kwa nini barua ya mistari minne inalipiwa, na mwishowe nilikwenda kwa bosi tukaifuta. Mteja anayelipiwa na umma habishani. Katika miaka yangu yote sikuona afisi ya umma ikirudisha bili kwa sababu barua ilikuwa fupi. Kosa lao ni kuchelewa kulipa, na wakili akijua atangoja miaka mitatu, huitia bei ya kungoja humo humo ndani ya ada. Kwa hiyo tunalipia kesi, na tunalipia uzembe wa kuilipia kesi.

Na fidia je? Mwaka 2000 Mahakama Kuu ilimpa waziri mmoja shilingi milioni 30 kwa kuharibiwa jina kitabuni. Pesa za namna hiyo ni za mwenye jina. Haziendi hazina, haziendi hospitalini. Basi fikiria biashara ambayo mtaji ni wa watu, hasara ni ya watu, na faida ni yako peke yako. Wazee wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini walimaanisha nguo ya jirani, ambaye angalau huja kuidai.

Sheria zetu haziko kimya kabisa. Katiba ya 2010, kifungu cha 201, inataka fedha za umma zitumiwe kwa busara na uwajibikaji. Kifungu cha 226 kinasema mwenye cheo cha umma, cha siasa kikiwemo, akiidhinisha matumizi kinyume cha sheria ataifidia hasara hiyo hata akiwa ameshatoka afisini. Sheria ya mwaka 2020 iliweka Afisi ya Mwanasheria wa Kaunti, ili kaunti ziwe na wakili wao wa mshahara na idara zisiajiri mawakili wa nje bila idhini yake. Maneno mazuri haya. Tatizo ni kwamba mwanasheria huyo huteuliwa na gavana. Nani atamwambia aliyemteua kwamba hii, mheshimiwa, ni hasira yako wala si kesi ya kaunti?

Kuna mahali pamoja ambapo sheria yetu ilikata shauri waziwazi, nami hupenda kupataja. Mgombea akienda kortini kupinga matokeo ya uchaguzi, Sheria ya Uchaguzi humtaka aweke amana kwanza: shilingi milioni 1 kwa kiti cha rais, 500,000 kwa ugavana, useneta au ubunge, na 100,000 kwa kiti cha wadi. Nimewahi kupeleka amana hizo mwenyewe, nikiwa na risiti mfukoni na jasho mgongoni. Niliona jinsi watu walivyopunguza ukali walipoambiwa waje na pesa. Waliokuja na vifungu ishirini vya malalamiko walirudi nyumbani wakafikiri, wakabakiza vitano vya maana.

Sasa wapo watakaoniambia: Mzee, unataka viongozi wafungwe mikono? La. Mwaka 2013 Spika wa Seneti alikwenda Mahakama ya Juu kuhusu mgao wa mapato, na magavana nao wakaenda baadaye kwa jambo la aina hiyo hiyo, wakapewa ushauri wao Mei 2020. Kesi kama hizo zilipiwe na umma, na zilipiwe vizuri, maana ni pesa za hospitali zetu zilizokuwa zikigombaniwa. Kama kesho gavana wa Mombasa ataishtaki serikali ya kitaifa kwa ajili ya mapato ya bandari, nitachukua kiti changu niende nikaketi nyuma mahakamani nisikilize. Kiongozi akitoka madarakani leo, kesi ya bandari itabaki na maana ile ile kwa atakayekuja. Kesi ya shemeji ilikufa siku ile ile mheshimiwa alipotoka. Kwangu mimi hicho kinatosha kutofautisha ya afisi na ya mtu.

Halafu zipo kesi za kuokoa kiti. Tumeona magavana waking'olewa na kukimbilia kortini: Embu 2014, Kiambu na Nairobi 2020, Meru 2024. Kwenda kortini ni haki yao. Lakini bunge la kaunti likishtakiwa katika jambo hilo lazima lijitetee kwa fedha za umma, halina fedha nyingine. Gavana naye akiruhusiwa kuchota kisima hicho hicho, mlipa kodi anakuwa amekodi mawakili wa pande zote mbili, wakae wakibishana kama yeye alikosea kumchagua.

Afrika Kusini walilifikisha jambo la karibu na hili mbele ya majaji. Jacob Zuma, aliyewahi kuwa rais wao, alikuwa akilipiwa na serikali mawakili wa kesi yake ya ufisadi. Desemba 2018 Mahakama Kuu ya Pretoria iliamua malipo yasimame na yaliyokwisha kulipwa yarudishwe, na Aprili 2021 rufani yake ikatupwa. Uingereza nako, tangu 1993, halmashauri haiwezi kumshtaki mtu kwa kuiharibia jina. Majaji wakuu wao waliona chombo kilichochaguliwa na watu lazima kivumilie maneno ya watu. Diwani mmojammoja anaweza kushtaki, lakini jina ni lake. Hapa kwetu Mahakama Kuu iliifuta kashfa ya jinai mwezi Februari 2017, tukashangilia kwamba polisi hawatamkamata mtu tena kwa maneno juu ya mkubwa. Hatukuona kwamba mlango wa madai ulibaki wazi, na kwamba kwa mvuvi kuuza mashine ya boti si mbali sana na kulala korokoroni.

Upande wa rais ni wa ajabu zaidi. Katiba inamkinga na kesi za madai kuhusu anayoyatenda kwa mamlaka yake akiwa afisini, na Mahakama ya Juu ililisisitiza hilo Machi 2022 katika hukumu ya BBI, ule mpango wa kuibadilisha katiba. Sipingi. Lakini hakuna kinga ya upande wa pili: wewe huwezi kumshtaki kwa hayo, yeye anaweza kukushtaki.

Watu wa kawaida wa mji huu hupataje haki? Serikali ilipoamuru mizigo yote inayoingia bandarini kwenda Nairobi na bara ipande reli ya SGR, madereva wa malori walikaa bure, na mabohari ya Changamwe yakawa ya kufugia popo. Walioipeleka amri hiyo kortini walikuwa raia, shirika la haki za binadamu la MUHURI likiwa pamoja nao, na Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikasema amri hiyo ilikiuka katiba. Watu wa mtaa wa Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, waliotiwa sumu ya madini ya risasi, walifungua kesi 2016, wakashinda shilingi bilioni 1.3 Julai 2020, wakanyang'anywa katika Mahakama ya Rufani, wakarudishiwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024. Miaka minane. Upande wa pili, zilikokuwa taasisi za serikali, hakuna aliyeuza kitu cha nyumbani ili kesi iendelee.

Ninachotaka si kigumu. Kabla kiongozi hajafungua kesi kwa pesa za umma, mwanasheria wa kaunti, au Mwanasheria Mkuu kwa kesi za kitaifa, aandike na kutia sahihi kwamba kesi hiyo ni ya afisi, na aeleze kwa nini. Barua hiyo ipelekwe kwenye Bunge la Kaunti au Bunge la Kitaifa, iwe na kiwango cha juu cha pesa, na wakitaka kukipita warudi kuomba upya. Tujue mapema, tusingoje Mkaguzi Mkuu wa Hesabu atuambie miaka miwili baadaye. Kesi za jina, za kupinga kuondolewa na za uchaguzi zilipiwe na mwenyewe. Akishinda kesi ya jina, analo fungu la kulipia mawakili wake. Na mawakili watatu kuja na ndege kwa kesi ya kutajwa, wakati mahakama siku hizi husikiza mambo hayo kwa video, hilo lisilipwe hata kama kesi ni ya bandari.

Hapa Kibokoni tumeanza kuandika ombi la kupeleka Bunge la Kaunti, kwa sababu Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inatupa haki hiyo. Tuko watu wachache tu wa baraza moja, wengi wetu wenye miwani. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa tisa, na tukagombana siku mbili juu ya neno "kiongozi". Mmoja wetu alitaka mpaka MCA, yaani wajumbe wa wadi, waingizwe, mwingine akasema MCA wa kwetu hana hata nauli, atamshtaki nani. Tumekubaliana juu ya gavana, naibu wake na spika. Imefika kurasa mbili.

Wakati huo huo niliandikia afisi ile iliyombebea mheshimiwa gharama za kesi ya shemeji. Niliuliza nani aliidhinisha, mawakili walilipwa kiasi gani, na fungu gani la bajeti lilitumika. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 za kujibu. Walinigongea mhuri wa kupokea, wino wa zambarau, tarehe inasomeka vizuri. Siku 21 zilikwisha Jumanne iliyopita. Sasa ninajaza fomu ya kulalamika kwa tume inayosikiza malalamiko dhidi ya afisi za umma.

Shemeji amenikataza. Amesema niachane nao, watanishtaki na mimi. Nimemwambia wakinishtaki, nitaiomba bili yao niione, folio kwa folio.

Karani mstaafu,
Kibokoni, Mombasa.

(Jina langu na nambari ya simu, Bwana Mhariri, nimekuandikia kwenye karatasi ya kando.)